Filta ya petroli kwenye injini ya rota: anza na mahali, mikroni baadaye

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Texas, na kwa miaka mitatu sasa najenga ndege aina ya RV-7 gerejini kwangu. Badala ya Lycoming, injini ya kawaida ya ndege ndogo, nimeamua kufunga injini ya Mazda 13B niliyoitoa kwenye RX-7, ile yenye injekta na kompyuta, bila tabo. Nitatumia petroli ya magari. Nimekwama kwenye filta. Kuna za mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 10, 40 na 100. Kuna za karatasi, za wavu wa chuma na za unga wa shaba ulioshindiliwa. Nimefikiria kuweka moja tu, nzuri, ya mikroni 10, kati ya tangi na pampu, ili ilinde kila kitu kuanzia pampu hadi injekta. Niko sahihi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na pole kwa kazi. Miaka mitatu gerejini bila kuuza mradi ni uvumilivu ambao wengi hawana.

Hapana, hauko sahihi. Lakini umekosea kwa namna ambayo watu makini hukosea, kwa sababu mpango wako unafanana na uangalifu. Filta ni mahali ulipopachagua wewe mwenyewe ili uchafu ukwame. Siku moja uchafu huo utakwama. Basi kabla hujauliza matundu yake ni ya mikroni ngapi, uliza hivi: filta hii ikiziba nusu, injini itapata nini, na mimi nitajuaje? Ukishaweza kujibu hilo kwa kila filta kwenye mchoro wako, suala la mikroni litajipanga lenyewe.

Nitoe mkanganyiko mmoja njiani, maana wapo watakaosoma hapa wakadhani tunazungumzia injini za Vita vya Kwanza vya Dunia, kama Gnome ya Wafaransa ya mwaka 1909, ambayo silinda zake zenyewe zilizunguka pamoja na panga la ndege huku zikitema mafuta ya mbarika. Hiyo ni hadithi nyingine. Ya kwetu ni ya Felix Wankel: haina pistoni wala valvu, ina rota ya pembe tatu inayozunguka ndani ya nyumba yenye umbo kama la njugu. 13B ina rota mbili, kila moja sentimita za ujazo 654. Vitu viwili vya injini hii vinahusu filta yako. Cha kwanza ni kwamba ina ulafi. Cha pili ni kwamba ikiwa na injekta haina pampu ya mafuta inayoendeshwa na injini yenyewe, ila pampu za umeme tu, na pampu hizo zina tabia yake.

Tuanze na ulafi, tupige hesabu. Tuseme unatoa nguvu-farasi 180 wakati wa kupaa. Kwa injini ya rota iliyowekwa mchanganyiko mnono, kadiria ratili 0.55 za petroli kwa kila nguvu-farasi kwa saa. Hiyo ni ratili 99 kwa saa, na galoni ya Kimarekani ni karibu ratili 6, kwa hiyo galoni 16.5, au lita 62 kwa saa. Ni zaidi kidogo ya lita moja kwa dakika. Wengi hufika hapa, wanakwenda dukani, wanatafuta filta iliyoandikwa kwamba inapitisha lita 70 au 80 kwa saa, wanarudi nyumbani wameridhika.

Kosa liko hapo. Mfumo wa injekta wenye bomba la kurudishia hauzungushi kile tu injini inachokula. Pampu inasukuma kwa nguvu zake zote muda wote, tuseme lita 150 kwa saa. Injini inachukua chake, na regulata inarudisha kilichobaki tangini. Filta haioni ulaji wa injini, inaona pampu nzima. Ukiwa kwenye maegesho injini inanguruma polepole na kula matone, filta bado inapitisha lita 150. Kwa hiyo uchafu unaopita ndani yake kwa saa ni mara mbili au tatu ya ule uliokuwa unaufikiria, na eneo la karatasi unalohitaji ni kubwa zaidi kwa kiasi hicho hicho.

Sasa ile tabia ya pampu. Pampu hizi za injekta zina uwezo mkubwa wa kusukuma na uwezo mdogo wa kunyonya. Kwenye magari mengi zinakaa ndani ya tangi, zimezama kwenye petroli, hazinyonyi chochote. Wewe una ndege ya mabawa ya chini: tangi liko chini, pampu umeiweka juu yake kidogo, na unataka inyonye kupitia bomba, kona, swichi ya kuchagua tangi, kisha filta ya mikroni 10. Kila kimoja kinapunguza presha kabla ya pampu. Presha ikishuka vya kutosha, petroli inachemka ndani ya bomba. Haihitaji moto ili ichemke. Pampu inameza mapovu, inaanza kulia kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo, na injini inakatika.

Watu husema "mvuke umeziba bomba" kama vile ni bahati mbaya. Ni hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Petroli ya magari ya kiangazi huko Marekani ina presha ya mvuke, yaani ile ambayo presha ya nje ikishuka chini yake petroli inachemka, ya karibu psi 9 (ratili kwa inchi ya mraba) ikiwa na joto la nyuzi 38 za Selsiasi. Petroli ya ndege ya 100LL hairuhusiwi kuzidi 7. Usawa wa bahari hewa inaisukuma petroli kwa psi 14.7, una nafasi tele. Ukipanda futi 10,000 hewa imebaki na psi 10.1. Kama petroli yako bado ina nyuzi 38, na kwa ndege iliyoegeshwa juani Texas mwezi wa Agosti si ajabu, umebakiwa na psi 1.1 kabla haijachemka. Kuinua petroli nusu mita kutoka tangini hadi kwenye pampu kunakula nusu psi. Kilichobaki, psi 0.6, ndicho kinachopaswa kutosha bomba, kona zote, swichi, na hiyo filta yako. Filta ya mikroni 10 ikiwa mpya pengine itavumilika. Ikianza kukusanya uchafu, nafasi hiyo imekwisha.

Na kuna mtego mwingine wa msimu. Petroli inayouzwa majira ya baridi hutengenezwa iwe nyepesi ili magari yawake asubuhi, na presha yake ya mvuke inaweza kufika 13 au hata 15. Mtu anajaza tangi mwezi wa Februari, anaendelea kufunga waya na kupaka rangi, anakuja kuruka siku ya joto mwezi wa Aprili. Kwa psi 13 na joto la nyuzi 38, petroli hiyo inachemka kabla hujafika futi 5,000, ambako hewa ina psi 12.2, hata bila filta yoyote. Jaza upya kabla ya kuruka. Hiyo ya zamani iweke kwenye gari lako.

Kwa hiyo mahali pa filta yako ya mikroni 10 ni baada ya pampu, upande wa presha. Huko pampu ina psi 40 za kutumia, na filta ikila psi mbili au tatu hakuna anayeumia, wala si rahisi petroli ichemke ikiwa imebanwa kwa presha hiyo. Kabla ya pampu weka chujio la wavu wa chuma kisichoshika kutu, mikroni 100 hivi, pana kadiri utakavyopata. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 kwa kukadiria, kwa hiyo chujio hilo linapitisha vumbi bila kujali, na ndivyo tunavyotaka. Kazi yake ni kuzuia chenga za aluminiamu zisikwaruze matumbo ya pampu. Vumbi ni kazi ya filta iliyo baada ya pampu.

Ndani ya tangi kwenyewe, kwenye mdomo wa kutolea, weka wavu wenye umbo la kidole. Kanuni za zamani za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwa ndege ndogo zenye cheti, kifungu cha 23.977, zilitaka wavu wa matundu 8 hadi 16 kwa inchi, na eneo lililo wazi lisilopungua mara tano ya eneo la bomba. Ndege yako ya kujijengea haifungwi na kifungu hicho, lakini aliyekiandika alikuwa anajua. Matundu 16 kwa inchi ni makubwa, zaidi ya milimita moja kila tundu. Mara nyingi naona wajenzi wakiyadharau na kushona wavu laini zaidi ndani ya tangi "kwa usalama". Usifanye. Kitu kilicho ndani ya tangi huwezi kukifungua ukiwa uwanjani, na huwezi kukiona kikiziba.

Nilijifunza hilo nikiwa kijana wa karakana Wilson, Nairobi. Ndege za kwenda kaskazini, Turkana na kwingineko, zilijazwa petroli ya mapipa kwa pampu ya mkono, na utaratibu ulikuwa kuchuja kwa ngozi laini ya chamois, ambayo inapitisha petroli na kuzuia maji. Siku moja ngozi ikakosekana, mwenzetu mmoja mwenye bidii akatumia fulana yake ya pamba, safi kabisa, iliyofuliwa jana yake. Tulikuja kukuta nyuzi za ile fulana zimejisokota kwenye chujio kama pamba ya masikio. Fulana ilikuwa safi kweli. Uchafu ulikuwa fulana yenyewe.

Hilo linanileta kwenye aina ya filta. Tarehe 13 Aprili 2010, ndege ya Cathay Pacific aina ya Airbus A330 iliondoka Surabaya, Indonesia, kwenda Hong Kong. Petroli, au tuseme mafuta ya taa ya ndege, ilijazwa kutoka mfumo wa mabomba ya uwanjani ambamo maji ya chumvi yalikuwa yameingia. Vichujio vya gari la kujazia vilikuwa na unga maalumu unaofyonza maji. Ule unga ukaharibiwa na chumvi, ukatoka kwenye vichujio, ukaingia tangini kama chembe ndogo za mviringo, na zikaenda kukwama kwenye vidhibiti vya mafuta vya injini zote mbili. Injini moja ikakwama kwenye nguvu kubwa, nyingine ikabaki chini kabisa. Marubani wakatua kwa kasi ya karibu noti 230 (maili za baharini kwa saa), na wote waliokuwamo wakanusurika. Filta ndiyo iliyoleta uchafu, na injini mbili hazikusaidia chochote kwa sababu zilikunywa kisima kimoja. Uyaweke yote mawili akilini tunapoendelea.

Karatasi iliyokunjwakunjwa ni nzuri, ina eneo kubwa kwa bei ndogo, lakini ikikutana na maji inavimba na kuziba. Kwa mtu anayetumia 100LL na kumwaga maji ya tangi kila asubuhi, sina ugomvi nayo. Kwako wewe wa petroli ya magari ningechagua nyuzinyuzi za kioo, zile filta za mikroni 10 zinazouzwa kwa ajili ya mifumo ya injekta yenye ethanoli, hazivimbi. Wavu wa chuma wa mikroni 40 unaoshika sifa kwa kuwa "unaoshwa na kurudishwa" ni mkubwa mno kuwa filta ya mwisho kabla ya injekta. Unga wa shaba ulioshindiliwa sikushauri kabisa: eneo lake ni dogo, uchafu unaingia ndani ya kina chake na hautoki ukiosha, na unaziba ghafla. Kuhusu zile za kioo au plastiki unazoweza kuona ndani, zenye mpira na klipu, ambazo zinauzwa dola chache kwa ajili ya mashine za kukata majani: hakuna kitu kama hicho kinachopita mbele ya ukuta wa kuzuia moto, ule unaotenga injini na rubani, kwenye ndege ninayoipitisha mimi. Mwili uwe wa chuma, viungo viwe vya AN-6 (kipimo cha viungo vya chuma vya ndege), na mfuniko wa kuzuia moto juu ya hosi. Injini ya rota inatema moshi wenye joto kali kuliko ya pistoni, na bomba lake la moshi liko karibu na kila kitu.

Nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, wa jina linalojulikana. Filta ya bei ya kutupa inayoacha nyuzi zake ndani ya bomba ni ile fulana ya Wilson.

Sasa ethanoli, maana najua utaniuliza. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli inaweza kubeba maji yaliyoyeyuka, karibu nusu lita katika kila lita 100 ikiwa na nyuzi 15. Huyaoni, hayakusanyiki kwenye kitoleo cha chini, filta haiyazuii. Kisha unapanda juu, petroli inapoa, uwezo wake wa kubeba maji unashuka, na maji yanajitenga kwa pamoja yakiwa yamechukua ethanoli nayo. Ukiweza kupata petroli isiyo na ethanoli, na Texas zipo pampu zinazoiuza, itumie hiyo. Kupima ni rahisi: chukua chupa nyembamba ya kioo, weka maji kidogo na alama mahali yanapofika, jaza petroli juu, tikisa, acha itulie. "Maji" yakionekana yameongezeka kupita alama, ethanoli imeingia ndani yake.

Kama unachanganya oili ya tustroki ndani ya petroli ili kulainisha sili za ncha za rota, kama wafanyavyo wengi waliotoa pampu ya oili ya Mazda, kipimo cha aunsi moja kwa galoni ni kama mililita 8 kwa lita, na filta haitaichuja wala haitalalamika. Ila ichanganye kwenye kopo kwanza. Oili iliyomiminwa nzito tangini siku ya baridi inakwenda chini moja kwa moja na kukaa mdomoni mwa bomba.

Turudi kwenye kile kisima kimoja. Utakuwa na pampu mbili, hilo sijadili, kwa kuwa injini hii bila umeme wa pampu ni jiwe. Lakini michoro mingi ninayoletewa ina pampu mbili zinazoungana, kisha filta moja ya mikroni 10, kisha reli ya injekta, lile bomba linalogawia injekta petroli. Umenunua pampu ya akiba halafu ukazipitisha zote mlango mmoja. Mpe kila pampu chujio lake la wavu kabla yake na filta yake ya mikroni 10 baada yake, kisha valvu ya kuzuia kurudi, ndipo zikutane kwenye T karibu na reli. Ruka kwa moja, ya pili ibaki na filta safi. Kwa namna hiyo ukisikia injini inaguna wakati wa kupaa, unawasha pampu ya pili na kweli umepata njia nyingine. Tangi likiwa chafu mno, zote zitaziba, ndiyo; lakini moja itatangulia, na utakuwa na dakika za kurudi uwanjani.

Ziweke pampu chini kadiri uwezavyo, karibu na mashina ya mabawa, ili zile nusu mita za kunyonya zipungue. Na bomba la kurudishia lirudi kwenye tangi lile lile petroli ilikotoka. Vinginevyo utalijaza lililojaa na kumwaga petroli nje hewani.

Kuhusu kile kikombe cha kutenganisha maji, wanachokiita gaskoleta: kwenye ndege za karibureta ni sharti, kwako mimi ningekiacha. Kikikaa upande wa kunyonya na sili yake ikalegea, hakivuji tone hata moja utakaloliona; kinavuta hewa. Kikikaa upande wa presha, vingi havikutengenezwa kubeba psi 40. Vitoleo vizuri kwenye sehemu ya chini kabisa ya kila tangi vinafanya kazi hiyo. Mkaguzi wako akikishikilia, mwonyeshe mchoro na mzungumze, wala usigombane naye.

Sasa sehemu ambayo nataka uisome mara mbili: utajuaje filta inaziba? Utaniambia una geji ya presha kwenye reli. Geji hiyo itakudanganya karibu mpaka mwisho. Regulata kazi yake ni kushika psi 40, na inafanya hivyo kwa kurudisha ziada tangini. Filta ikianza kuziba, pampu inapeleka pungufu, ziada inapungua, psi 40 ziko pale pale. Ikiziba zaidi, kinachorudi kinakaribia kuwa hakuna kitu, psi 40 ziko pale pale. Ukipasha injini moto kabla ya kupaa kila kitu ni sawa, kwa sababu ndege ikiwa imesimama injini inakula kidogo. Kisha unasukuma kidhibiti hadi mwisho, injini inataka lita moja kwa dakika, njia inatoa lita 0.9, na hapo ndipo sindano inaanguka. Wewe uko juu ya miti mwisho wa uwanja.

Kwa 13B hali ni mbaya zaidi kidogo. Kwa kawaida ina injekta nne: mbili za kwanza zinafanya kazi muda wote, mbili za pili kompyuta inazifungua nguvu ikipanda. Kama uchafu umekwenda kukaa kwenye hizo za pili, ardhini hutaona dalili yoyote, na kwa wakati wa kupaa rota moja itakuwa na njaa. Nikuambie pia kwamba zile nyavu ndogo zilizo mdomoni mwa injekta zisihesabiwe kama filta. Ni pazia la mwisho tu.

Kwa hiyo pima ziada yenyewe. Fungua bomba la kurudishia, lielekeze kwenye debe lenye vipimo, injini imezimwa, betri imeungwa na chaja ili umeme uwe volti ile ile kila mara, washa pampu moja kwa dakika moja kamili. Mtu mwingine asimame na kizimamoto, mlango wa gereji wazi, na waya wa kuunganisha debe na ndege ili cheche isiruke. Tuseme filta ikiwa mpya umepata lita 2.4. Andika kwenye kitabu cha injini. Unachohitaji kwa nguvu zote ni lita 1.03, na kipimo cha FAA kwa mifumo ya pampu ni asilimia 125 ya hiyo, yaani 1.3. Ukirudia baada ya saa kadhaa ukapata 1.9, ujue filta imekula nusu lita. Ikikaribia 1.5 badilisha, usisubiri 1.3. Fanya jaribio la kwanza pua ikiwa imeinuliwa kwa pembe ya kupaa na zaidi kidogo, tangi likiwa na petroli kidogo, kama mwongozo wa FAA wa kujaribu ndege za kujijengea, AC 90-89, unavyoelekeza. Kisha na pampu ya pili. Kisha tangi la pili. Inachukua asubuhi nzima na utanuka petroli siku mbili.

Ukiwa na ampea mita kwenye waya wa pampu, una dalili nyingine ya bure. Filta iliyo baada ya pampu, upande wa presha, ikiziba, pampu inahangaika na ampea zinapanda. Chujio lililo kabla ya pampu likiziba, pampu inakosa cha kusukuma, ampea zinashuka na sauti inabadilika. Pima siku ya kwanza, andika.

Filta za mwanzo zitajaa haraka, usishangae. Tangi jipya la RV lina vipande vya gundi ya kuzibia na chenga za aluminiamu hata ukiliosha mara kumi. Hosi zilizokatwa zinaacha makombo ya mpira, hasa unaposukuma kiungo cha AN ndani; baada ya kuunga kila hosi, ipulize na kuisuuza. Usitumie tepe nyeupe ya mabomba ya maji kwenye viungo vya petroli popote, nyuzi zake nimezitoa kwenye injekta kwa koleo la nyusi. Na kumbuka kwamba kutoka filta ya mwisho hadi injekta hakuna mlinzi mwingine, kwa hiyo kipande hicho cha bomba kiwe kifupi na kioshwe kuliko vyote.

Ningefungua filta baada ya kusuuza matangi, tena baada ya kuwasha injini mara ya kwanza, kisha baada ya saa 5 za kuruka, tena baada ya saa 10, halafu kila baada ya saa 25 mpaka ukae unakuta usafi mara mbili mfululizo. Baada ya hapo ukaguzi wa mwaka unatosha. Filta iliyofungwa moja kwa moja usiipasue kwa msumeno, utajaza chenga zako mwenyewe na usijue zipi ni za tangi. Tumia kikata-bomba cha gurudumu. Tandaza karatasi yake juu ya kitambaa cheupe, pitisha sumaku. Kinachong'aa na hakishikwi na sumaku ni aluminiamu ya tangi. Cheusi na laini ni hosi. Kinachonata rangi ya kijivu ni gundi, na hiyo ikiendelea kuja baada ya saa 10, fungua kifuniko cha tangi ukaangalie, maana kuna mahali inabanduka.

Nunua kwanza vyujio viwili vya wavu na filta mbili za nyuzinyuzi za kioo zenye mwili wa chuma na viungo vya AN-6, pamoja na mbili za akiba. Kisha fanya lile jaribio la debe na uniandikie: lita ngapi kwa dakika kila pampu, volti ngapi, na joto la petroli siku hiyo.